Mtu Si Chombo

Tarehe 5 Januari 2003 mtu mmoja mwenye silaha aliteka ndege ndogo kwenye kiwanja nje ya Frankfurt, Ujerumani, akairusha hadi katikati ya jiji na kuanza kuzunguka juu ya maghorofa ya mabenki. Akatishia kuigongesha kwenye jengo la Benki Kuu ya Ulaya. Polisi wakawaondoa watu mitaani, ndege za jeshi zikapaa, jiji likakaa roho juu. Hatimaye akatua salama, akatiwa mbaroni, na hakuna aliyeumia. Lakini haukuwa umepita hata mwaka mmoja na nusu tangu majengo ya New York yaangushwe kwa ndege za abiria, na Wajerumani wakabaki na swali: je, ingekuwa ndege kubwa iliyojaa watu?

Bunge lao likajibu kwa sheria. Kuanzia Januari 2005 waziri wa ulinzi aliruhusiwa kuamuru ndege itunguliwe, hata ikiwa na abiria, iwapo imetekwa na inaelekezwa kuua watu walioko chini. Hesabu yake haina utata. Abiria wale watakufa vyovyote vile baada ya dakika chache. Ukiitungua ndege mapema, angalau walioko ofisini au kwenye uwanja wa mpira watapona. Sheria hiyo ikapingwa mbele ya Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Miongoni mwa walalamikaji alikuwemo Gerhart Baum, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani. Tarehe 15 Februari 2006 mahakama ikakifuta kifungu hicho. Dola, walisema majaji, ikiwaua abiria wasio na hatia ili kuokoa wengine, inawageuza kuwa vitu. Mtekaji amekwisha kuwafanya sehemu ya silaha yake, na sasa serikali yao wenyewe inawahesabu hivyohivyo. Wakiwemo watekaji peke yao, hilo ni shauri jingine, maana wao wanavuna walichopanda.

Wengi wakiisikia hukumu hii hukasirika. Mwaka 2015 wakili na mwandishi Ferdinand von Schirach alitoa tamthilia kuhusu rubani wa jeshi aliyetungua ndege ya abiria 164 ili kuokoa uwanja wenye watu 70,000, na watazamaji ndio waliopewa kazi ya kuhukumu. Ilipoonyeshwa kwenye televisheni mwaka uliofuata, zaidi ya 8 kati ya kila 10 waliopiga kura Ujerumani walimwachia rubani huru. Wananchi walipiga hesabu. Mahakama ilikataa kuipiga, na mimi nasimama na mahakama, ingawa najua gharama ya kusimama hapo.

Fikra iliyowaongoza majaji wale ina umri wa zaidi ya karne mbili, na ilikomaa katika mji mmoja wa bandari kwenye bahari ya Baltiki. Immanuel Kant alizaliwa Königsberg, Prussia, mwaka 1724, na akafia hukohuko mwaka 1804. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa hatamu za farasi. Mama yake alikuwa mcha Mungu wa dhehebu la Kilutheri lililotilia mkazo usafi wa moyo kuliko fahari ya ibada. Mwaka 1785, akiwa na umri wa miaka 61, Kant alichapisha kitabu chembamba kuhusu misingi ya maadili, na tangu hapo kila anayejadili wajibu hana budi kupitia mlangoni kwake.

Anaanza na nia. Akili, ujasiri, mali, hata utulivu wa moyo, vyote vyaweza kumtumikia mwovu. Jambazi mtulivu ni wa kuogopwa kuliko jambazi mwenye papara. Kitu pekee kilicho chema bila masharti ni nia njema, yaani nia ya kutenda lililo haki kwa sababu ni haki. Mfano wake ni wa dukani. Muuza duka anamuuzia mtoto aliyetumwa kwa bei ileile anayomuuzia mtu mzima mjuzi wa bei. Ni jambo zuri. Lakini analifanya kwa nini? Kama ni kwa kuogopa sifa mbaya mtaani, basi ametenda sawasawa na wajibu bila kutenda kwa ajili ya wajibu. Siku akijua kwamba hakuna atakayegundua, mtoto atapunjwa. Msomaji aliyekulia madrasa hatashangaa; alifundishwa mapema kwamba amali hupimwa kwa nia. Ugeni wa Kant uko mahali pengine: anataka nia hiyo ijipime kwa akili ya mtu mwenyewe, bila kungoja amri ya mfalme, ya desturi wala ya padri.

Kipimo chake cha kwanza ni hiki: tazama kanuni inayokusukuma, kisha jiulize kama ungeweza kutaka iwe sheria ya watu wote. Kant anamleta mtu mwenye shida ya fedha anayekopa kwa kuahidi kurudisha, huku akijua wazi kwamba hatarudisha. Ikiwa kila mwenye shida ataahidi hivyo, hakuna atakayeamini ahadi, na mkopo wenyewe utakufa. Mwongo huyo anaishi kwa uaminifu wa wengine. Anataka sheria ibaki kwa wote isipokuwa yeye. Nadhani hapa Kant amegusa kiini cha maovu mengi ya kila siku. Anayeruka foleni hataki foleni ife. Mwajiri anayemghushia mfanyakazi saa za kazi hataki vitabu vya benki yake vighushiwe. Wote wawili wanajitoa kwenye sheria wanayoitegemea.

Kipimo cha pili ndicho kilichofika Karlsruhe. Usimtumie mtu kamwe kama chombo tu, awe mwenzako au wewe mwenyewe. Mtendee daima pia kama mwenye malengo yake. Hilo "tu" lina uzito wake. Kila siku tunatumiana: abiria anamtumia kondakta, kondakta anamtumia abiria, na hakuna dhambi, kwa kuwa kila mmoja ameridhia na kila mmoja anabaki na utu wake. Ubaya huingia pale mmoja anapowekwa kwenye mpango ambao, kama angeelezwa ukweli, asingeweza kuukubali. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, iliyoandikwa na watu waliotoka kuona dola ikiua mamilioni, inaanza na utu wa binadamu katika ibara yake ya kwanza kabisa. Katiba zetu nazo zina neno hilo: ya Tanzania katika ibara ya 12, ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 28.

Anayetaka kuona thamani ya kipimo hicho na aende kaunti ya Macon, Alabama. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwakusanya huko wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini: 399 walikuwa na kaswende, 201 hawakuwa nayo. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa vipimo vya bure, chakula cha mchana siku ya uchunguzi, na ahadi ya gharama za mazishi, mradi miili yao ipasuliwe baada ya kufa. Madaktari walitaka kuona ugonjwa unavyokwenda ukiachwa bila kutibiwa. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa tiba ya kawaida ya kaswende. Wale wanaume hawakupewa. Uchunguzi uliendelea hadi mwaka 1972, magazeti yalipoufichua; rais wa nchi aliomba radhi mwaka 1997.

Anayepima mambo kwa matokeo atasema uchunguzi ule ulikuwa mbovu kwa sababu faida yake ilikuwa ndogo na madhara yake makubwa. Ni kweli. Lakini jibu hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu linaacha mlango wazi: kama faida ingekuwa kubwa, je? Kama ungeleta chanjo iliyookoa mamilioni? Maadili ya wajibu hayangoji matokeo ya maabara. Ubaya ulikuwa umekwisha kutendeka siku ya kwanza, pale mkulima alipodanganywa ili mwili wake utumike, hata kama asingeugua zaidi kwa siku moja. Leo daktari analazimika kumweleza mtu utafiti ni wa nini na kumwacha aseme hapana. Kanuni hiyo inakinga maskini kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaoombwa miili yao mara nyingi zaidi. Wenye nguvu wana njia nyingi za kujilinda. Asiye nacho ana ukuta huu tu, na ukuta unaosogezwa kila faida inapokuwa kubwa haumlindi mtu.

Sasa tuende kwenye kesi ngumu, maana ni rahisi kuusifu ukuta ukiwa upande wake wa kivuli. Mwishoni mwa Septemba 2002, Frankfurt hiyohiyo, mtoto wa miaka 11 wa familia yenye benki alitekwa nyara akitoka shule. Mtekaji, mwanafunzi wa sheria, alidai euro milioni moja. Polisi walimwona akichukua fedha hizo, wakamfuatilia, wakamkamata. Akawa anawazungusha kwa maneno huku muda ukiyoyoma, na kila mtu pale kituoni akiamini kwamba mtoto amefichwa mahali akifa kwa kiu. Asubuhi ya Oktoba 1 naibu mkuu wa polisi, Wolfgang Daschner, aliamuru mtuhumiwa atishiwe kwamba atatiwa maumivu makali. Vitisho vilitosha, akasema. Mtoto alipatikana amekufa. Alikuwa ameuawa siku ileile aliyotekwa.

Daschner hakuficha kitu. Aliandika kwa mkono wake kwenye jalada kile alichoamuru na sababu yake. Desemba 2004 mahakama ya Frankfurt ikamtia hatiani, ikampa adhabu ndogo kabisa, faini iliyosimamishwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ilisema mwaka 2010 kwamba kitisho kile kilivunja katazo la kumtendea mtu yeyote unyama. Mtu yeyote, pamoja na muuaji wa mtoto.

Naelewa mzazi atakayesema angemtishia yule kijana bila kusita, na siko tayari kumhukumu. Lakini jambo hili lilikuwa la ofisa wa dola, mwenye pingu, mahabusu na mlango wa chuma. Kila mtesaji wa serikali katika historia alikuwa na sababu nzuri asubuhi ile alipoanza. Kituo cha polisi kikishapewa ruhusa ya kupiga hesabu ya maumivu, kesho hesabu itapigwa juu ya mwizi wa simu. Daschner aliokoa kitu kimoja kwa kuandika lile jalada: alikubali kwamba amevunja katazo, na kwamba atajibu. Majaji nao hawakujifanya kwamba halikuvunjwa.

Hata hivyo Kant mwenyewe aliusogeza ukuta mahali ambapo hata mimi siwezi kumfuata. Mwaka 1797 mwandishi Benjamin Constant alikuwa amemshambulia mwanafalsafa mmoja wa Kijerumani kwa kudai kwamba ni kosa kumdanganya hata muuaji anayeuliza kama rafiki yako amejificha ndani. Kant akajibu kwa makala fupi, akakubali kwamba ndivyo anavyosema, na akashikilia. Ukisema uongo, rafiki yako akawa ametoka kwa mlango wa nyuma, na muuaji akakutana naye njiani, wewe ni mshiriki wa damu hiyo. Ukisema kweli, lolote litakalotokea si lako.

Eneo letu limesimama kwenye mlango huo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kusini mwa Rwanda, bibi mmoja mganga wa mitishamba aliyeitwa Zura Karuhimbi aliwaficha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake ndogo na shamba lake. Wauaji walipokuja alijipaka mmea unaowasha, akaupaka na ukuta wa nyumba, ili atakayegusa awashwe. Akatikisa bangili na vitu vingine ndani ili waamini mizimu imekasirika. Akawaambia wakiingia wanajichimbia kaburi. Hakukuwa na mzimu wowote. Ulikuwa uongo mtupu, uliotungwa kwa makini na kuigizwa kwa mwili mzima na mwanamke mzee asiye na silaha. Mwaka 2006 Rais Kagame alimvisha nishani. Fundisho linalomwona mama huyu kuwa ametenda kosa, hata dogo, limepotea njia, na ni afadhali kusema hivyo waziwazi kuliko kulitetea kwa werevu.

Limepotea wapi? Si kwenye kuthamini ukweli. Limepotea kwa kudhani kwamba kila wajibu unasimama peke yake, haugongani na mwingine. Mwaka 1930 W. D. Ross, mwanafalsafa wa Kiskoti aliyefundisha Oxford, alilitazama tatizo hilo bila kulikwepa. Tuna wajibu wa aina nyingi, alisema: kutimiza ahadi, kulipa tulichoharibu, kushukuru, kutenda haki, kusaidia, kujiendeleza, kutodhuru. Kila mmoja unatufunga mpaka ukutane na mwingine ulio mzito zaidi hapo ulipo. Umeahidi kukutana na mtu saa nne. Njiani unakuta majeruhi wa ajali. Unamshughulikia majeruhi. Lakini ahadi haikufutika: unadaiwa maelezo, labda na fidia kwa aliyekusubiri. Napenda deni hilo dogo. Anayepima matokeo peke yake hana mahali pa kuliweka, na Kant wa mwaka 1797 hakubali kwamba lingeweza kuzuka. Udhaifu wa Ross unajulikana: hatoi mizani. Anasema akili yako itaona. Je, isipoona? Hapo inabidi turudi kwenye malezi, mashauri ya wazee, na kesi zilizokwisha kuamuliwa.

Kuna doa jingine ambalo msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuliuliza kwanza. Mtu ni nani? Kant huyuhuyu aliyefundisha kwamba kila mwenye akili ni lengo na si chombo, aliandika mwaka 1764, na tena katika maandishi yake ya miaka ya 1770 kuhusu mataifa ya watu, maneno ya kuwadhalilisha Waafrika, akiwaweka chini katika ngazi aliyojichorea mwenyewe huku hajawahi kutoka mbali na Königsberg. Mwaka 1795, katika kitabu chake kuhusu amani, alilaani Wazungu waliovamia nchi za mbali kana kwamba hazina wenyewe, na akaulaani utumwa wa visiwa vya sukari. Wasomi wanabishana kama alibadilika kweli. Kwa hoja yangu linatosha hili: kanuni haikuweza kumkinga mwandishi wake dhidi ya kuihesabu nusu ya dunia nje yake. Sheria ya watu wote haina thamani mpaka ujue anayeitamka anamhesabu nani kuwa mtu.

Na neno "wajibu" lenyewe huibwa. Adolf Eichmann, aliyepanga safari za treni zilizowapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji, alishtakiwa Jerusalem mwaka 1961. Alidai kwamba maisha yake yote alifuata mafundisho ya Kant kuhusu wajibu, na jaji alipomtaka aeleze, akaitaja ile kanuni ya kwanza kwa usahihi wa kushangaza. Hannah Arendt, aliyeripoti kesi hiyo, aliona mahali alipoibadilisha: pale panapotakiwa akili ya mtu mwenyewe, aliweka matakwa ya Hitler. Kwa Kant, kutii amri bila kuipima ni kuukimbia wajibu. Lakini lugha ya wajibu ina sauti kali na ya heshima, na watu wanaopenda kutii huivaa upesi. Kipimo cha pili kingemkamata Eichmann mara moja. Hakukitaja.

Dosari inayonigusa zaidi ni ndogo kuliko hizo, na imo kwenye barua. Agosti 1791 mwanamke wa miaka 22, Maria von Herbert, alimwandikia Kant kutoka Klagenfurt, Austria. Alimpenda mtu, alikuwa amemficha habari za mapenzi ya zamani, akaamua kusema kweli, na yule mtu akapoa. Alikuwa amesoma vitabu vya Kant kwa makini. Alimwambia kwamba mafundisho yake ndiyo yaliyomzuia asijiue, na akamwomba faraja.

Kant alimjibu mwaka uliofuata, kwa barua ndefu, ya heshima, iliyopangwa mfano wa hotuba ya kanisani. Alimtaka achunguze kama anajuta kwa sababu ya uongo wenyewe au kwa sababu ukweli umemgharimu. Kama penzi la yule bwana lilikuwa la tabia njema, litarudi. Kama halirudi, halikuwa na thamani kubwa. Kila sentensi yake yaweza kutetewa. Januari 1793 Maria akaandika tena. Urafiki ulikuwa umerudi, alisema, lakini sasa hakuona chochote chenye ladha. Alikuwa ametimiza kila alichoamriwa na sheria ya maadili, na sheria hiyo haikuwa na neno jingine la kumwambia. Aliomba kitu ambacho kingeondoa utupu huo, na akasema angependa kumtembelea. Safari hii Kant hakujibu. Alizipeleka barua hizo kwa binti wa rafiki yake, Elisabeth Motherby, ziwe onyo kwake kuhusu wasichana wanaozidiwa na hisia. Mwaka 1803 Maria alijiua.

Simlaumu mzee kwa kifo kilichotokea miaka 10 baadaye. Namlaumu kwa zile barua. Msichana aliyezungumza naye kama mtu mzima, kwa lugha ya vitabu vyake mwenyewe, aligeuzwa mfano wa kumfundishia mwingine. Na hilo, kwa kipimo cha pili, lina jina. Linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kutimiza makatazo yote, asiseme uongo, asivunje ahadi, asimwibie mtu, na bado akampita aliye mbele yake bila kumwona. Majaji wa Karlsruhe walitakiwa wasiue. Maria hakuhitaji asidhuriwe. Alihitaji kusikilizwa, na hakuna orodha ya makatazo inayoweza kuamuru hilo.

Ajabu ni kwamba Kant alilijua. Katika kitabu chake kikubwa cha mwisho kuhusu maadili, cha mwaka 1797, aliandika kwamba tusikwepe mahali walipo maskini, wala vyumba vya wagonjwa, wala magereza ya wadaiwa, kwa kuwa kuikuza huruma inayoumia pamoja na wengine ni wajibu pia. Maria alikuwa hai bado. Katika wajibu wote aliouandika, huo ndio wanafunzi wake huutaja mara chache zaidi.